Mara ya mwisho kumpigia unayemtaka, si kumzuia usiyemtaka, ilikuwa lini?

#1 Mwana_Kisauni
Salaam wanabaraza. Nina swali, na naombeni majibu yasiyo na matusi.

Nimepanga foleni ya kumchagua rais 2007, 2013, 2017 na 2022. Ile ya marudio ya Oktoba 2017 niliisusia kama wengi mtaani kwetu. Nikijichunguza kwa haki, hakuna hata mara moja niliyoingia kibandani nikiwa namtaka mtu. Kila mara nilikuwa namuogopa mwengine.

Sasa ubaya wenyewe. Mimi na kakangu tumezaliwa tumbo moja. 2022 mimi nilivaa buluu ya Azimio ya Raila, yeye manjano ya UDA ya Ruto. Jioni ya tarehe 15 Agosti, matokeo yaliposomwa, alikuja na tuktuk mpaka mlangoni kwangu akapiga honi kama dakika kumi. Nilitoka nikamwambia maneno ambayo mama yetu aliyasikia. Tangu siku ile hatujala sahani moja. Binti yake anaolewa baada ya Idi, na habari nimeipata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kama jirani.

Na wakubwa je? Julai 2024 watu wa kambi yangu waliteuliwa mawaziri kwenye serikali ya kambi yake. Machi 2025 wakatia sahihi mkataba wa kushirikiana, hadharani pale KICC Nairobi, kamera zote zipo. Waliobaki hawajatia sahihi ni mimi na kakangu.

Swali ndilo hilo la kichwa cha uzi. Wewe mara yako ya mwisho ilikuwa lini?

#2 Fundi_Tuktuk
2002. Nilipanda lori kutoka Changamwe naimba njia nzima. Baada ya hapo, hamna.

Halafu ndugu, honi dakika kumi? Betri ya tuktuk haiwezi. Sema tatu.

#3 Mwana_Kisauni
Injini haikuzimwa. Ilikuwa inanguruma muda wote.

#4 Ami_wa_Makadara
Mwanangu, hata mimi ningesema 2002. Lakini nikikumbuka vyema, mwaka ule wengi wetu tulikuwa twaikimbia KANU ya Moi, hatukuwa twamkimbilia mtu. Asilimia 62 zile za Kibaki zilikuwa uchovu wa miaka 24.

Halafu niwarekebishe. Wasema watu Kenya ina vyama viwili. Haina. Msajili wa vyama ana orodha ndefu kuliko ya vyakula kwenye hoteli za Nyali. Tulicho nacho ni kambi mbili: ODM na PNU 2007, CORD na Jubilee 2013, NASA na Jubilee 2017, Azimio na Kenya Kwanza 2022. Marekani ni kinyume chetu. Kule tangu 1853 hajakaa rais asiyetoka Democratic au Republican. Vyama ni vile vile, watu ndio wapitao. Kwetu watu ni wale wale, vyama ndivyo vipitavyo.

#5 Wakili_Mtaani
Ami umesema kweli ila hujasema kwa nini. Soma kifungu cha 138 cha Katiba. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Hakuna kabila wala eneo linaloweza hilo peke yake. Kwa hiyo wakubwa wote wanajigawa kambi mbili kabla ya uchaguzi, wanagawana vyeo kwenye karatasi, kisha wanakuja kwetu tuidhinishe. Mazungumzo ambayo kwengine hufanywa bungeni baada ya kura, hapa hufanywa hotelini kabla ya kura, na wewe hukualikwa.

Viti vitano vilivyobaki, kuanzia gavana mpaka mwakilishi wa wadi, ni aliyetangulia anachukua, hata akiwa na robo tu ya kura. Mfaransa mmoja, Maurice Duverger, aliliandika hili miaka ya 1950: kiti kikienda kwa anayeongoza tu, vyama vidogo hukauka, maana mpiga kura huona anamwaga maji baharini. Ross Perot 1992 alipata karibu kura 19 katika kila 100 Marekani nzima, na katika wale wajumbe 538 wanaomchagua rais hakupata hata mmoja.

#6 BintiLikoni
Wakili umejipinga mwenyewe. Ikiwa Katiba imeweka raundi ya pili, basi raundi ya kwanza ni ya kumpigia umpendaye bila hasara. Asipopita, unarudi kuchagua nafuu. Marekani hawana raundi ya pili ya rais, ndiyo maana 2000 walimlaumu Ralph Nader: alipata kura zaidi ya 97,000 Florida, na Bush akamshinda Gore jimbo lile kwa kura 537. Hapa hatuna kisingizio hicho. Msitafute sheria. Ni woga.

#7 Wakili_Mtaani
Dada, hebu nitajie mwaka ambao raundi ya pili ilifanyika. Tangu Katiba ya 2010 haijatokea hata mara moja. 2013 mshindi alipita kwa 50.07. 2022 ilikuwa 50.49 kwa 48.85. Wagombea walikuwa wanne, na wale wawili wa pembeni ukiwajumlisha hawafiki hata asilimia moja. Mlango uko kwenye ramani, nyumba yenyewe imejengwa ukuta.

#8 Karani_wa_Kituo
Nilikuwa karani 2013, wacha nisahihishe kidogo. Hiyo 50.07 ilihesabiwa pamoja na kura zilizokataliwa, ambazo zilikuwa zaidi ya laki moja. Baadaye Mahakama ya Juu ikasema zilizokataliwa zisiingie kwenye hesabu ya asilimia. Ukiziondoa inapanda mpaka 50.5 hivi.

Nalitaja kwa sababu kila uchaguzi kuna mtu ananiambia atachora msalaba karatasi nzima "apeleke ujumbe". Ujumbe haufiki. Unahesabiwa pembeni, unafungwa, basi. Kituoni kwetu kuna aliyeandika kwa herufi kubwa NYOTE WEZI. Mawakala wa kambi zote mbili walicheka mpaka mmoja akashika meza. Ndiyo mara pekee siku nzima niliyowaona wakicheka pamoja.

#9 Fundi_Tuktuk
Huyo ndiye mgombea wangu 2027.

#10 Mama_Mbaazi
Mwasoma sana nyie. Mimi nauza mahamri na mbaazi karibu na feri, upande wa Likoni, na nawaambia ni pesa. Msimu wa kampeni kina mama twapewa leso mbili, asubuhi ya kambi hii, jioni ya kambi ile. Yuwaja na leso, yuwaondoka na kura. Asiye na kambi hana leso.

2017 alikuja kijana mmoja, mgombea wa wadi asiye na chama kikubwa. Mtu mzuri, amesoma. Akakaa kwenye benchi langu akaeleza mpango wa maji nusu saa nzima, mifereji ipite wapi, tangi likae wapi. Maji yetu mwayajua. Wateja wakamsikiliza, wakamuuliza maswali ya maana. Alipoinuka mmoja akamwambia, "Sasa watuachaje?" Maskini akalipa chai za watu wanne, akaenda zake kwa miguu. Alipata kura mia na kitu. Na mimi mwenyewe sikumpa. Niliona itapotea bure.

#11 BintiLikoni
Khalati, si ndiyo nilisema? Woga.

#12 Mama_Mbaazi
Si woga mwanangu, ni hesabu. Mtaa ukishampa asiyekuwa na mwenyewe, miaka mitano taa ya barabarani ikiungua nani ataibadilisha? Wewe hukai hapa saa kumi za alfajiri ukikanda unga.

#13 Mjukuu_wa_Kongowea
Mmenikumbusha 2005. Wadogo hamjui: kura ya maoni ya Katiba, tume ikagawa alama, Ndizi kwa Ndiyo na Chungwa kwa La. Nyanyangu alikuwa na meza Kongowea anauza matunda yote mawili. Mwezi ule mteja hafiki mezani bila kuuliza, "Bibi wewe wa upande gani?" Akisema wa machungwa, anayetaka ndizi anapita. Akisema wa ndizi, wa machungwa anasonya. Mwisho akaweka mananasi mbele, vingine akavifunika gunia.

Chungwa likashinda Novemba. Halafu muangalie vizuri: waliokuwa Chungwa pamoja 2005, akina Raila, Ruto na Kalonzo, 2007 Kalonzo kashatoka, 2013 Ruto yuko ng'ambo ya pili. Na Uhuru aliyekuwa nao Chungwa ndiye akawa mpinzani wao 2013.

#14 Wakili_Mtaani
Wa Kalonzo na Raila 2013. Ruto alikuwa na Uhuru. Umeandika "wao" kama wote watatu.

#15 Mjukuu_wa_Kongowea
Hata mimi nimepotea katikati ya sentensi yangu. Si ndiyo hoja yenyewe?

#16 Ami_wa_Makadara
Nyote mwaanzia mbali na mzizi. Pwani tulikuwa na kambi yetu. KADU ya Ronald Ngala, 1960, ilisimamia majimbo, na Pwani ilikuwa ngome. 1961 KANU viti 19, KADU 11. Si haba. Novemba 1964 KADU ikajivunja, viongozi wakavuka sakafu wakaingia KANU, na sisi tuliowapigia tukaachwa tumesimama upande wa pili tukiwatazama. Hakuna aliyetuuliza. Kisha 1969 KPU ya Oginga Odinga ikapigwa marufuku, 1982 sheria ikasema chama ni kimoja tu, mpaka Desemba 1991.

Kwa hivyo ile Machi 2025 iliyomuumiza Mwana_Kisauni, babu yake ashaiona. Na handisheki ya Uhuru na Raila ya Machi 2018 je? Na nusu mkate ya 2008, serikali ya pamoja ya Kibaki na Raila? Kila wakipatana huambiwa ni kwa ajili ya nchi. Huenda ikawa kweli, 2008 watu walikuwa wafa, sitaki kusema ni uongo. Lakini kupatana kwao hakushuki mpaka Kisauni. Ugomvi ndio ushukao.

#17 Kijana_Bamburi
Ami, kila uzi lazima tupitie 1964. Juzi tulikuwa tunajadili nauli ya matatu ukaleta KADU.

#18 Ami_wa_Makadara
Na nauli ilipanda kwa sababu hiyo hiyo. Kaa chini.

#19 Mjukuu_wa_Kongowea
Kwa hoja ya Ami, vyama vya nyumbani vimejaribiwa. Shirikisho ilipata kiti cha Likoni 1997, kimoja tu Bunge zima. IPK hata usajili ilinyimwa 1992. PAA 2022 ilianza Azimio ikamalizia Kenya Kwanza, na kiongozi wake akawa Spika wa Seneti. Chama cha Pwani kinakuwa tikiti ya kupandia meli kubwa. Kikishapanda, sisi tunabaki gatini tunapunga mkono.

#20 Asiye_na_Chama
Mbona hakuna aliyetaja wagombea huru? Nyali 2017 tulimchagua Mohamed Ali bila chama chochote na akawashinda wa vyama vikubwa. Jibu langu kwa swali la uzi ni hilo: 2017, karatasi ya mbunge. Nilitoka kituoni natembea kama nimeoa.

#21 Karani_wa_Kituo
Na 2022 akarudi kwa UDA.

#22 Asiye_na_Chama
Najua, usinikumbushe. Lakini ukiwa peke yako bungeni unapata kamati gani? Tazama Meru: mama aliingia ugavana 2022 kama mgombea huru, madiwani wakamuandama mara tatu, Agosti 2024 Seneti ikapiga kura aondolewe. Ana makosa au hana, hapo sisemi. Nasema bila chama hakuna wa kukushikia mwavuli.

#23 Mpemba_wa_Majengo
Nimewasoma kimya tangu asubuhi. Mnazungumza kama mambo haya yalianzia Kenya.

Mamangu ni wa Chake Chake. Januari 1961 Unguja na Pemba walipiga kura, ASP wakapata viti kumi, Hizbu tisa, ZPPP vitatu. Kile kiti cha Chake Chake ASP walikipata kwa kura moja. Moja! Mama alikuwa msichana, anasimulia kwamba baada ya hapo kila nyumba ilijua nani alikuwa mgonjwa siku ile hakwenda kupiga. Wakarudia Juni, watu 68 wakauawa. Watu waliacha kununuliana dukani, ndoa zilivunjika. Msiba ukitokea, kwanza waulizwa marehemu alikuwa chama gani ndipo watu wajue wa kubeba jeneza. 1963 ASP wakapata asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 kati ya 31. Miezi michache baadaye, mapinduzi.

Kwa hiyo Wakili akisema ni hesabu ya viti namuelewa. Binti akisema ni woga namuelewa pia. Ila kule walijaribu dawa: Julai 2010 wakapiga kura ya maoni, theluthi mbili wakasema ndiyo, na wa pili katika uchaguzi akawa Makamu wa Kwanza wa Rais kwa mujibu wa Katiba. Haikuwa handisheki ya chumbani, wananchi waliulizwa. 2015 uchaguzi ukafutwa, mambo yakaharibika tena. Sasa hapo mtaniambia dawa ilikuwa mbaya au mgonjwa hakumaliza dozi?

Na swali la uzi. Mimi nimezaliwa Kenya, lakini Wapemba tulitambuliwa kuwa raia 2023. Kitambulisho nimekipata juzi. Sijawahi kupiga kura hata ya kumzuia mtu. Nyinyi mmechoka na kitu ambacho mimi sijaonja, na Agosti 2027 nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, nimevaa kanzu.

#24 BintiLikoni
Hongera ami yangu. Na karibu kwenye uchovu.

#25 Fundi_Tuktuk
Nitakupeleka kituoni bure. Bila honi.

#26 Kijana_Bamburi
Sasa nami niseme. Juni 2024 kwenye maandamano hatukuwa na chama. Hakukuwa na buluu wala manjano pale Moi Avenue, kulikuwa na bendera, chupa za maji na simu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni Mgiriama au Mluo. Mswada wa fedha ukaondolewa. Wiki chache baadaye kambi mbili zikakaa meza moja. Wengine wanasema walipatana kutuokoa. Mimi naona walituogopa sisi kuliko walivyoogopana.

Ndiyo maana sikujiandikisha, na sitajiandikisha. Nikipiga kura naingia kwenye hesabu yao.

#27 Karani_wa_Kituo
Mdogo wangu, usipopiga unaingia kwenye hesabu yao vile vile, tena kwa bei rahisi. Mombasa 2022 tulikuwa miongoni mwa kaunti zilizojitokeza kidogo kabisa nchini. Na ugavana ulikuwa mbaya zaidi: karatasi zilikuja na makosa ya picha, tukaahirishwa sisi na Kakamega mpaka tarehe 29 Agosti, rais kashatangazwa zamani. Nilikaa kituoni siku ile nikahesabu paka. Walikuwa wanne. Mshindi hakuhitaji watu wengi, alihitaji watu wake tu. Mkikaa nyumbani nyinyi msio na kambi, wenye kambi wanabaki peke yao ndani ya chumba.

#28 Kijana_Bamburi
Sawa, lakini wewe ulilipwa kukaa na hao paka.

#29 Karani_wa_Kituo
Nililipwa baada ya miezi. Nisikwambie na nani.

#30 Wakili_Mtaani
Kuna jambo mnalizunguka. Tangu 2007 kambi moja ilikuwa na jina la mtu, si la sera. Raila amefariki Oktoba 2025. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kupiga kura, karatasi ya rais haitakuwa naye wala mtu aliyebebwa naye. Huenda zile kambi mbili zikawa nne. Na zikiwa nne, ile raundi ya pili niliyomcheka BintiLikoni inaweza kutokea kweli.

#31 BintiLikoni
Nimeweka alama kwenye #30. Nitakuja kukukumbusha.

#32 Ami_wa_Makadara
Zitakuwa nne mpaka Mei. Juni zitakuwa mbili. Nimeishi.

#33 Mama_Mbaazi
Mwana_Kisauni, wewe uliyeanzisha umepotelea wapi? Twagombana hapa kwa niaba yako. Na ile harusi yenda ama yaacha?

#34 Mwana_Kisauni
Nipo khalati, nilikuwa kazini bandarini, zamu ya usiku. Nimesoma yote.

Mpemba umenikalisha. Sijui niseme nini kuhusu jeneza.

Jana usiku kakangu alipiga simu. Nilidhani amekosea namba. Hakutaja harusi, hakutaja siasa, hakutaja honi. Aliuliza tu, "Lile sufuria kubwa la marehemu baba liko kwako?" Nikamwambia liko. Akasema, "Usilitoe kwa mtu." Akakata.

#35 Fundi_Tuktuk
Sufuria la pishi ngapi?

#36 Mwana_Kisauni
Linapika mchele kilo hamsini. Tatizo moja, 2022 nililikodisha kwa watu wa kampeni na lilirudi limetoboka kitako. Kuna mtu anamjua fundi wa kuziba sufuria pale Mwembe Tayari? Yule wa zamani nasikia amehamia Mtwapa.